Fangasi, chumvi, vumbi: kutembea na kamera pwani na bara

Kila anayenunua kamera yake ya kwanza na kuanza kupanga safari, wasiwasi wake ni mmoja tu, wasije wakaniibia. Ni wasiwasi wa haki na nitaufikia huko mbele, ila mimi kwa kuishi Dar na kuzunguka na kamera pwani na bara nina jambo moja ninalolisimamia: huku kwetu kinachomaliza kamera nyingi sio mwizi, ni hewa. Mwizi ukikutana naye unajua siku hiyohiyo kwamba umeibiwa. Hewa ya pwani inakula kidogo kidogo, kamera iko kabatini, umeifunga vizuri, una amani, halafu muda unapita unaitoa kwa ajili ya safari unakuta picha zina ukungu usioeleweka, kitufe kimoja kimegoma, na ringi ya lenzi ukiizungusha inakwaruza. Na ushauri mwingi tunaoupata kwenye video za mtandaoni umetolewa na watu wa Ulaya na Marekani ambao shida yao ya unyevu sio hii yetu, wao wanaongelea mabegi na mikanda tu, kwahiyo mtu wa Tanga au Mombasa akifuata ule ushauri neno kwa neno atakuwa ameziba mlango mmoja na kuacha mwingine wazi kabisa.

Niliwahi kukaa nusu siku nzima kwa fundi mmoja wa kamera Kariakoo nikisubiri lenzi yangu isafishwe, nikamuomba anionyeshe kazi zilizokuwa mezani. Akachukua lenzi moja, kwa nje mpya kabisa, haina hata mkwaruzo, akawasha tochi ya simu akaiweka nyuma ya lenzi akaniambia chungulia kwa mbele huku unaizungusha taratibu. Mwanzoni sikuona kitu. Alipoinamisha tochi kidogo zikatokea, nyuzi nyeupe nyembamba sana, zimeanzia pembeni ya kioo cha ndani zinatambaa kuja katikati, zimegawanyika kama mizizi ya mche mchanga. "Hii haijaanguka wala haijaloa kaka," akaniambia, "imekaa tu ndani ya begi lake, kabatini."

Hiyo ndo fangasi ya lenzi. Mbegu zake ziko kwenye hewa kila mahali, huwezi kuzikwepa, shida ni pale unapozipa mazingira ya kuota: giza, joto, hewa isiyotembea na unyevu. Chakula chake ni vumbi dogo na mafuta ya vidole. Ikishaota inatoa asidi inayokula ile kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo ndo pabaya, kwa sababu fundi anaweza kuifungua lenzi akafuta nyuzi zote lakini alama iliyochimbwa kwenye kioo haiondoki tena. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu fangasi inastawi, na hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja inakaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, masika ndo usiseme. Sasa liangalie begi la kamera lilivyo. Sponji nene, giza, zipu imefungwa, umetoka nalo juani limelowa jasho upande wa mgongoni, umefika nyumbani umechoka umelipandisha juu ya kabati. Masharti yote manne yametimia.

Kwahiyo kwangu begi ni la safari tu, sio la kuhifadhia. Nyumbani kamera inalala kwenye kontena la plastiki la chakula, lile lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pembeni, kubwa la kutosha kamera na lenzi kukaa bila kubanana, ndani nimeweka silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu, vile vya kidijitali vinavyouzwa bei ndogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Usishushe chini ya 30, maana mpira na grisi za ndani ya lenzi nazo zinahitaji unyevu kidogo zisikauke. Silika jeli tafuta ile inayobadilika rangi, ya chungwa inakuwa kijani ikishiba maji, ya bluu inakuwa ya waridi, ila ile ya bluu ina kemikali ya kobalti ambayo ni sumu kwahiyo nyumba yenye watoto mimi nashauri ya chungwa. Ikishashiba huitupi, unaitandaza kwenye trei unaiingiza kwenye oveni nyuzi kama 120 kwa saa moja mbili mpaka rangi irudi, inaanza kazi upya, na unaweza kuirudia hivyo kwa muda mrefu sana. Watu wananunua lenzi ya milioni mbili halafu wanaona uvivu kutafuta kontena, hii kwa kweli inaniumiza roho, kwa sababu lenzi ni kitu ambacho kikitunzwa mtoto wako anakuja kukitumia.

Ukiwa safarini kontena limebaki nyumbani, na vile vipakiti viwili vitatu vya silika jeli ulivyotupia kwenye begi vitashiba upesi, usivitegemee sana. Kinachosaidia safarini ni kuitumia kamera. Itoe kila siku, ipate hewa na mwanga, fungua begi lote usiku uliache wazi chumbani. Kamera inayofanya kazi kila siku sijawahi kuiona na fangasi, zinazooza ni zile zilizofungiwa.

Tatizo linalowapata wageni wengi wa Unguja, hata sisi wa Dar tukienda kupumzika, ni AC. Umelala Mji Mkongwe, chumba umekishusha mpaka nyuzi 18, kamera nayo imepoa usiku kucha. Asubuhi unataka kuwahi mwanga kabla jua halijawa kali, unatoka mlangoni unaitoa kamera, lenzi nzima inakuwa nyeupe, unafuta, inarudi, unafuta tena, inarudi. Sababu ni kwamba hewa ya nje imebeba maji mengi, ikigusa kioo cha baridi yale maji yanageuka hapohapo kuwa matone, na hayaishii kwenye kioo cha mbele tu, yanaweza kuingia na ndani. Kufuta hakusaidii, unachoka bure na unakwaruza kioo. Ukijua kesho unatoka mapema, ama uzime AC usiku ufungue dirisha, ama uiache kamera ndani ya begi lililofungwa sehemu ya chumba isiyo na ubaridi, bafuni au karibu na dirisha, na ukitoka nalo nje liache limefungwa dakika 20 hadi 30, begi lipate joto pole pole na kamera iliyo ndani ipate joto pole pole. Kwenye boti ya kutoka Dar ni hivyohivyo, safari ni kama saa mbili, kule ndani kwenye viti kuna AC kali, ukipanda juu kupiga picha ya mji unapokaribia bandarini ndo unakutana na hilo wingu. Mimi huwa nakaa nje juu mapema, begi limefungwa, kamera naitoa tukishakaribia.

Na huko juu ya boti ndo utakutana na chumvi.

Chumvi ya bahari haihitaji wimbi likupige. Nenda Jambiani au Paje miezi ya kusi, kuanzia Juni hivi, upepo unatoka baharini unapiga pwani ya mashariki ya Unguja moja kwa moja na umebeba manyunyu usiyoyaona kabisa kwa macho. Ukisimama pale muda kidogo, pitisha kidole kwenye kioo cha miwani yako halafu ulambe, utaelewa kamera yako imekaa kwenye nini. Watu wanaenda pale kuwapiga picha akina mama wa mwani, kilimo kilichoanza pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kazi kubwa inafanywa na wanawake, na ni kweli ni picha nzuri sana, maji yamekupwa, mambo, vile vijiti vya kufungia kamba za mwani, zimepangwa mistari, kanga za rangi zote. Lakini fika kwa adabu. Shikamoo kwanza, jitambulishe, omba, na akisema hapana iwe hapana. Mama mmoja aliniambia "subiri mwanangu nimalize kufunga hii kamba, usinipige nimeinama," nikasubiri, akamaliza, akasimama akajifunga kanga yake vizuri, na ile ndo picha ninayoipenda kuliko zote nilizotoa pale. Halafu mwenyewe ndo akanionyesha pa kukanyaga, maana chini kuna utelezi, na ukianguka kule na kamera mkononi haina msamaha.

Ukiingia kwenye maji yaliyokupwa fupisha mkanda wa kamera mpaka ikae juu kifuani, sio kiunoni, na waulize wenyeji maji yanaanza kujaa saa ngapi, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, yakianza kurudi yanarudi kwa kasi kwenye uwanda ule na wewe uko mbali na nchi kavu. Lenzi usibadilishe pale, chagua moja kabla hujatoka. Begi usiliweke kwenye mchanga hata kwa dakika moja, mchanga wa kule ni laini mno unaingia kwenye zipu na kwenye ringi za lenzi na hautoki. Libaki mgongoni, au litundike.

Jioni ukirudi ndo kazi yenyewe. Watu wengi wanachukua kitambaa kikavu wanafuta kwa nguvu. Usifanye hivyo, chumvi ikikauka inakuwa chembe ngumu, ukisugua na kitambaa kikavu unasugua kioo kwa chembe. Kwanza puliza na ile pampu ya mpira, sio kwa mdomo, mdomo unatoa mate. Halafu chukua kitambaa laini, kiloweshe maji baridi yasiyo na chumvi, kikamue mpaka kibaki na unyevu tu, pitisha mwili wote wa kamera taratibu, pembeni ya vitufe, chini ya ile sehemu ya kuingizia flashi, kwenye vishikizo vya mkanda, kote. Ukimaliza pitisha kikavu. Kioo cha lenzi kina kitambaa chake peke yake ambacho hakigusi kitu kingine. Kwenye suala la filta ya UV, kile kioo chembamba cha kufunga mbele ya lenzi, najua wapiga picha wanabishana, wengine wanasema inaharibu ubora, mimi pwani naivaa kila siku bila kufikiria mara mbili, kwa sababu ile filta naweza kuiosha kwa maji ya bomba na sabuni ya kuoshea vyombo kisha nikaikausha, na kioo cha lenzi siwezi. Zipu za begi nazo ukishaziosha zisugue na kipande cha mshumaa, ile nta inazuia zisigande.

Kamera ikidondoka majini, chomoa betri hapohapo, usiiwashe "kuangalia kama inafanya kazi", hiyo kuangalia ndo inayoiua. Toa kadi, fungua kila mfuniko, iweke kwenye hewa inayotembea, na kama ni maji ya bahari mpelekee fundi haraka iwezekanavyo maana chumvi inaanza kula saketi mapema. Ule utaratibu wa kuifukia kwenye mchele mimi naukataa. Mchele haunyonyi unyevu wa maana, halafu una vumbi lake la wanga linaloingia kila tundu. Na wale wanaosema kamera yangu inazuia maji, soma karatasi yake vizuri, kamera nyingi zimezibwa dhidi ya manyunyu na vumbi tu, hazijatengenezwa kuzama, na waranti kwa kawaida haikubali uharibifu wa maji. Kama unataka kuingia baharini nunua kamera ya kuingia baharini.

Haya, wezi sasa.

Mimi siamini katika kuificha kamera mpaka huwezi kuitumia. Nimesafiri na watu ambao kamera iko ndani ya mfuko, mfuko ndani ya begi, begi lina kufuli, na safari nzima wamepiga picha kwa simu. Mimi nataka isiwe inaonekana ninapotembea na iwe mkononi ndani ya sekunde chache ninapoihitaji, na hilo linaanza na begi lenyewe. Mabegi ya kamera ya dukani mengi yanajitangaza, nembo kubwa, umbo linajulikana mtaa mzima. Mimi natumia begi la kawaida la mgongoni, la mwanafunzi tu, ndani yake fundi cherehani kanishonea kisanduku cha sponji. Utaratibu wake ni hivi: unanunua sponji ngumu kwa wauza magodoro, unene kama sentimita 2, ile laini inayobonyea usichukue, unapima ndani ya begi lako, fundi anaivika kitambaa laini ambacho hakitoi nyuzi, anaweka vigawanyo vya velkro ili uweze kuvihamisha. Chini kabisa ongeza unene mara mbili, kwa sababu begi linapotua chini kwa kishindo ni pale. Kisanduku kinatoka chote, kwahiyo begi likiloa au likichafuka unalifua kama nguo nyingine. Na nembo ya kamera yenyewe naiziba kwa tepu nyeusi ya umeme, kamera inaonekana kuukuu, haimvutii mtu.

Barabarani Dar hofu kubwa ni vishandu wa pikipiki, wanaopora mikoba na simu. Wanachukua kitu kilicho upande wa barabara. Sisi magari yanapita kushoto, kwahiyo tembea upande wa kulia ukiangalia magari yanayokuja usoni kwako, barabara inakuwa kushoto kwako na ukuta au maduka yanakuwa kulia, begi na kamera vikae kulia. Hapo pikipiki yeyote unamuona kabla hajakufikia na hana pa kuingilia. Mkanda wa kuvisha shingoni mimi naukwepa nikiwa karibu na barabara, mtu akiuvuta akiwa kwenye mwendo anakuburuza na wewe, na shingo yako ni ya thamani kuliko kamera yoyote ile. Navaa wa mkononi, ule mfupi wa kifundo, na ikitokea mtu kaivuta kwa nguvu namwachia. Nawaomba sana, hasa vijana wanaoanza, hili mlichukue kwa uzito, usigombanie kamera na mtu wa pikipiki au mwenye panga.

Kwenye bodaboda begi linakaa mbele, kati yako na dereva, sio mgongoni. Kwenye daladala linakaa mapajani, zipu imeelekea tumboni kwako. Konda akikwambia weka pale juu ya injini karibu na dereva mwambie hapana asante, pale pana joto na mtikisiko. Mabasi ya mikoani, kuanzia pale Mbezi, mizigo mikubwa inaingia buti na usikubali kamera iingie humo hata wakikusihi, kule ndani vumbi linajaa na mizigo ya watu inapandwa juu ya yako, nunua siti ya dirishani, begi weka miguuni ukiwa umepitisha mguu mmoja kwenye mkanda wake ili ukisinzia usiachane nalo. Kule juu ya vichwa usiweke, ukisinzia mtu anashuka nalo njiani.

Halafu kuna sehemu ambazo kamera inatakiwa kubaki ndani ya begi hata kama hakuna mwizi. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu, bandarini. Usibishane na askari, usijifanye mtalii. Na droni ina vibali vyake kabisa, vya mamlaka ya usafiri wa anga na vya wizara ya ulinzi, hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ukitoka pwani ukaingia mbugani unyevu unakuachia, vumbi linakupokea. Kiangazi cha Juni mpaka Oktoba ndo wakati wanyama wanaonekana vizuri Mikumi na Serengeti, na ndo wakati vumbi limesimama hewani, ile barabara ya kutoka Ngorongoro kushuka mpaka geti la Naabi ukifika nywele zimebadilika rangi. Huko kifaa cha muhimu kuliko vyote ni kanga. Nasema kweli. Kanga moja, unaikunja mara mbili unafunika kamera iliyopo mapajani, ukimuona mnyama unaifunua, ukimaliza unafunika, jioni unaikung'uta mbali na kamera. Mifuko mizito ya kuzuia vumbi unaichukia ndani ya saa moja kwa sababu inakuchelewesha, kanga haikucheleweshi. Gari lingine likija mbele funga madirisha kabla halijafika, na muombe dereva, kaka tusimame kidogo vumbi lipite.

Kubadilisha lenzi mbugani ni mtihani. Kama unaweza kuwa na lenzi moja ndefu inayovuta na kurudi, kaa nayo hiyohiyo siku nzima. Kama lazima ubadilishe, subiri gari limesimama na injini imezimwa, zima kamera kwanza, geuza mdomo wa kamera uangalie chini, lenzi ya pili iwe tayari kifuniko chake kimelegezwa, fanya yote ndani ya begi lililo wazi mapajani, upesi. Jioni ukitaka kujua kama vumbi limeingia kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, weka tundu la lenzi f/16 piga ukuta mweupe au anga, ukiona vidoa vyeusi vimebaki palepale kila picha basi limeingia. Jaribu pampu ya mpira tu huku kamera imeangalia chini. Kama haikutoka, subiri mpaka mjini kwa fundi, usiingize kidole wala kitambaa wala pamba kwenye sensa.

Kuna hili la mtikisiko ambalo halisemwi sana. Barabara zile za vumbi zenye mikunjo kama bati zinalegeza skrubu ndogondogo za lenzi, ukiweka begi sakafuni mwa gari linatikiswa saa sita mfululizo. Mapajani mwako mwili wako unapokea mtikisiko wote. Na cha kuegemezea lenzi juu ya gari beba kifuko kitupu cha kitambaa chenye zipu, hakina uzito kabisa kwenye ndege, ukifika Karatu au Mto wa Mbu unaingia sokoni unanunua maharage kilo mbili unajaza, unaegemeza lenzi inatulia kabisa, ukimaliza safari maharage unampa mtu akapike.

Mlimani nitasema kwa ufupi. Kilimanjaro kamera inakaa kwenye begi lako dogo, sio kwenye mzigo wa mpagazi, yeye ana kilo zake 20 za kutosha na anatembea mbele yako masaa, ukiihitaji huipati. Msitu wa chini mvua inanyesha bila taarifa, kile kifuniko cha mvua cha nje upepo unakibeba, bora uvike ndani ya begi mfuko wa mpira ule wa kukunja mdomo. Juu ya hapo adui ni baridi. Kutoka kambi ya Kibo mita 4,720 mnaanza kupanda katikati ya usiku, na baridi ile inafanya betri ionekane imekwisha wakati haijaisha, kemia ya ndani imepungua kasi tu. Betri zote ziwe mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili, usiku unalala nazo ndani ya begi la kulalia. Ikizima ichomoe, weka nyingine, ile ya kwanza ikipata joto itakupa picha tena, na pale Uhuru, mita 5,895, picha chache za ziada ni kitu kikubwa. Ukirudi kwenye kibanda au hema lenye joto funga kamera kwenye mfuko wake kabla hujaingia, ni ileile habari ya AC ya Unguja ila imegeuzwa.

Ukisafiri kwa ndege betri za akiba ni za kwenye begi la mkononi tu, haziruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri, na ya kamera ni ndogo sana, volti 7.2 mara mAh 2,280 (ile namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye betri) gawanya kwa 1,000 unapata kama 16. Powabanki ya mAh 20,000 kwa hesabu ya volti 3.7 ni 74, nayo inapita, mkononi. Ziba midomo ya betri kwa tepu zisigusane na funguo. Na wageni mnaokuja, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu 2017, msije mmejifungashia kamera zenu kwenye mifuko ya supamaketi ikawa shida uwanjani, leteni ile ya mpira inayotumika miaka.

Picha zenyewe zina ulinzi wake. Kila jioni kabla ya kula nazihamisha, nakala moja kwenye diski ndogo, nyingine inabaki kwenye kadi, na diski hailali kwenye begi la kamera, inalala kwenye begi la nguo. Kadi zikijaa sifuti mpaka nifike nyumbani. Namba ya utambulisho iliyopo chini ya kamera, ile serial, ipige picha pamoja na risiti ujitumie kwenye barua pepe, ukiibiwa polisi watakuuliza ili wakuandikie RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, na bila RB bima haitakusikiliza. Bima yenyewe soma kama inalipa kitu kilichoachwa kwenye gari, nyingi hazilipi.

Ukishafika nyumbani, kabla kamera haijarudi kwenye kontena, iache mezani siku moja chumba chenye hewa, betri ikiwa nje. Kagua kila lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, kama alivyonionyesha yule fundi, ukiizungusha taratibu. Na mikanda, watu wote wanaisahau mikanda, imekunywa jasho na chumvi safari nzima na ndo inayorudisha unyevu ndani ya kontena safi. Ifungue kwenye kamera, ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, hata ikichukua siku mbili masika, ndo uifunge tena.